Walioitunza Kabla ya Olympic

Ukame ukikaza Kajiado, ng'ombe huingia Nairobi. Wachungaji wa Kimaasai huwaswaga wakifuata nyasi zilizobaki: ukingoni mwa Barabara ya Ngong, kando ya reli, nyuma ya kuta za shule, popote palipo na jani bichi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2009, ikawa vivyo hivyo mwaka 2017, na tena katika ukame mrefu uliofikia kilele mwaka 2022. Matatu hupiga honi, askari wa kanjo hufukuza, na kesho yake gazetini huwa na picha ya fahali aliyesimama mbele ya ghorofa la vioo. Wanaoitazama hutabasamu, kana kwamba mifugo imepotea njia.

Haikupotea. Reli ya Uganda ilipofika hapa mwishoni mwa Mei 1899, uwanda huu ulikuwa maji na malisho ya Wamaasai, na jina la jiji lenyewe limetoka katika lugha yao. Mchungaji anayeshuka kutoka vilima vya Ngong na kukata kuelekea Jamhuri anafuata mkondo wa nyasi na maji ambao watu wake waliujua kabla ya reli, kabla ya lami, kabla ya ofisi yoyote ya ardhi. Jiji ndilo lililomkuta njiani.

Kutoka hapo hadi Olympic si mbali. Olympic ndiyo steji ya mwisho ya matatu za Kibera. Abiria hushuka, na kila mmoja hushika njia yake. Wengine huingia kwenye mageti ya nyumba za mawe za Olympic, Ayany na Fort Jesus. Walio wengi huteremka kwa miguu kwenda Gatwekera na Kisumu Ndogo, kwenye paa za mabati zinazoshuka hadi mtoni. Upande wa magharibi kuna Jamhuri na, nyuma yake, mabaki ya Msitu wa Ngong Road. Ukivuka Barabara ya Ngong kwenda kaskazini unaingia Kawangware, iliyokuwa ardhi ya koo za Wakikuyu wa Dagoretti. Ni eneo dogo ambalo mtu mwenye miguu mizuri hulizunguka kabla ya jua la saa sita. Lakini muulize mwenyeji ardhi hii ni ya nani, na jibu litabadilika kila baada ya mita mia mbili.

Huko Australia kumezuka desturi ambayo wasomaji wengi wameiona kwenye runinga. Kabla ya mkutano wa bunge, mahafali au mechi ya kandanda, msemaji huanza kwa kulitaja taifa la wenyeji wa asili ambao ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwao, na huwapa heshima wazee wao. Desturi hiyo ilipata nguvu baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo katika kesi ya Mabo, Juni 1992, ulioitupa nje nadharia kwamba bara lile halikuwa na wenyewe Waingereza walipotia nanga. Wapo wenyeji wa asili wanaolalamika kwamba maneno hayo yamekuwa mepesi mdomoni, kwa sababu anayeyasema huinuka na kurudi kwenye nyumba aliyojenga juu ya ardhi ile ile. Hata hivyo yanasemwa. Mtoto wa shule wa Melbourne hukua akijua kwamba mahali anapochezea mpira palikuwa na watu, na kwamba watu hao bado wapo.

Mtoto wa Shule ya Msingi ya Olympic, shule iliyosifika nchi nzima kwa matokeo ya mitihani, hakui akijua hivyo. Atasoma juu ya mikataba ya Wamaasai na Waingereza kama somo la kukariri, bila kuambiwa kwamba inamhusu mahali alipokaa. Msitu unaoanza mwendo mfupi kutoka darasani mwake ataujua kama mahali pa kuogopa wezi.

Je, desturi ile ingeletwa Olympic, nani angetajwa kwanza?

Swali hilo si la mzaha, na Kenya ina makovu. Kuanzia chaguzi za mapema miaka ya 1990, maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni yamekuwa yakitangulia moto. Mwishoni mwa mwaka 2001, mgogoro wa kodi za nyumba kati ya wapangaji na wenye nyumba wa Kibera, ambao wengi walikuwa Wanubi, ulimwaga damu baada ya wanasiasa kutamka kwamba kodi zilikuwa juu mno. Zaidi ya watu kumi waliuawa na familia zikahama usiku. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketea na reli ikang'olewa. Oktoba 2017, zamu ikawa ya Kawangware: maduka yakachomwa, majirani wakawindana kwa kabila. Katika nchi ya namna hii, mtu akisimama kwenye baraza la chifu na kuanza kutaja wenyeji wa asili, wasikilizaji nusu watatazama mlango. Wanaotaka kuiga Australia bila kulifikiria hilo hawajawahi kuhamishwa.

Lakini kunyamaza nako kumegharimu, na kumegharimu zaidi ardhi yenyewe. Ndiyo sababu inafaa kurudi nyuma na kuuliza swali tofauti kidogo: ni nani waliotunza mahali hapa, kwa njia gani, na kilitokea nini walipoondolewa?

Jibu la kwanza liko msituni. Kabla ya majembe, misitu ya kuanzia Ngong hadi Kiambu ilikuwa na wawindaji na warina asali. Wamaasai waliwaita Il-Torobo, Wakikuyu wakawaita Athi. Wenzao walioko Mau leo hujiita Ogiek. Utunzaji wao haukuacha uzio wala jengo. Mizinga ya magogo ilitundikwa juu ya miti ambayo kila ukoo uliijua kuwa yake, na mzinga wa mwingine haukuguswa. Mti uliobeba mzinga haukukatwa. Aliyeishi kwa asali aliishi kwa maua, na aliyeishi kwa maua hakuwa na haja ya kufyeka.

Kisha, au sambamba nao, walikuwapo Wamaasai nje ya msitu. Ufugaji wao uliendeshwa kwa kanuni: malisho ya karibu na boma yalitengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, malisho ya mbali yakaachwa yapumzike hadi kiangazi. Nyama ya porini hawakuizoea, na wanyama wa mwitu walikula nyasi bega kwa bega na ng'ombe. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilipotangazwa mwaka 1946, ya kwanza ya aina yake nchini, swala na pundamilia waliokutwa pale walikuwa wameishi na wafugaji muda wote huo. Wafugaji ndio walioondolewa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, kuanzia mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi ulianza kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela, kusini mwa mbuga, dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio na wanyama wapite. Yalikuwa malipo madogo, lakini ni mojawapo ya mara chache ambapo kazi ile ya kale imehesabiwa kuwa kazi.

Upande wa Dagoretti kuna Wakikuyu, na hapa jambo linanoga. Wazee wao walisimulia kwamba ardhi ya Kiambu kusini waliipata kutoka kwa Athi kwa mbuzi na kwa kiapo cha undugu: muuzaji na mnunuzi walifanywa ndugu kwanza, ndipo mipaka ikatembelewa. Ardhi ikawa ya mbari, yaani ukoo wa babu mmoja, na mbari ikamteua muramati. Muramati aligawa sehemu za kulima, akaamua migogoro, akawakaribisha wageni waliotaka kulima bila kununua, akaisemea ardhi mbele ya watu wengine. Hakuwa mmiliki. Peke yake hakuweza kuuza hata kipande. Alikuwa mlinzi wa kitu alichokikuta na ambacho angekiacha. Na walipofyeka msitu ili walime, walibakiza mti mkubwa mmoja umesimama katikati ya shamba, ili roho za miti iliyoanguka zipate makao. Mtu wa leo anaweza kuyachukua hayo kama imani tu, lakini kivuli, ndege na mbegu vilibaki pale pale mti ule uliposimama.

Kati ya mila zote za eneo hili, huyu muramati ndiye anayefaa kukumbukwa kuliko wote. Cheo chake kilitenganisha mambo mawili ambayo siasa za Kenya zimeyafunga pamoja: kuwa na ardhi na kuitunza.

Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza alifika Dagoretti akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa hapo, kisha akajenga ngome. Kwa Waiyaki kiapo hicho kilikuwa cha aina ile ile iliyowaunganisha wazee wake na Athi: mgeni anakuwa ndugu, na ndugu ana wajibu. Kwa kampuni kilikuwa njia ya kupata chakula cha misafara. Ngome ya Dagoretti haikudumu. Watu wa kampuni walipora, wenyeji wakaishambulia. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na kusafirishwa kuelekea pwani. Alifia njiani, Kibwezi.

Wamaasai nao waliwekeana sahihi. Mkataba wa Agosti 1904, uliotiwa alama na laibon (kiongozi wa kiroho) Olonana na wenzake, uliwatoa Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, kwa ahadi kwamba makubaliano yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo kama watu. Hayakumaliza miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwahamisha kutoka Laikipia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, majaji walisema kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya madola mawili yenye mamlaka, kwa hiyo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuichunguza. Wamaasai walitambuliwa kuwa dola kwa muda wa kutosha tu kuwanyima kesi.

Wakikuyu walipata jibu tofauti lenye matokeo yale yale. Katika kesi ya Wainaina dhidi ya Murito, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Jaji Mkuu Barth alisema kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1915 na hatua ya kuifanya Kenya koloni mwaka 1920 zilikuwa zimefuta haki zote za wenyeji katika ardhi. Waliobaki juu yake walikuwa wapangaji wa Dola, wakikaa kwa hiari yake.

Maneno hayo yanarudi tena Kibera, mlango wa pili.

Wanubi walikuja kwa njia ya bunduki. Mababu zao walikuwa askari wa Sudani waliotumikia Misri, wakachukuliwa na Lugard mwaka 1891, wakapigana Uganda, hatimaye wakawa uti wa mgongo wa Kikosi cha King's African Rifles. Kuanzia mwaka 1904 walianza kukaa katika msitu huu ulio kusini magharibi mwa Nairobi, na kuanzia mwaka 1912 askari waliostaafu walipewa vibali vya shamba. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,198 hivi. Walilima mahindi, wakafuga ng'ombe, wakajenga misikiti, wakazika wafu wao. Wakasuka tabaga, zile sinia za rangi za kufunikia chakula ambazo bado hutundikwa kwenye kuta za nyumba za Makina. Vijiji vyao, Lindi, Makina, Toi, Kambi Muru, vina majina hayo mpaka leo. Tume ya Ardhi ya Carter iliyotoa ripoti yake mwaka 1934 ilichunguza hali yao na kuwaweka katika kundi lile lile alimowatupa Jaji Barth Wakikuyu: wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Dola.

Basi katika miaka ishirini hivi, watu wa aina tatu waliozunguka Olympic, kila mmoja kwa lugha yake ya kisheria, walielezwa kwamba hawana kitu. Tofauti zao ni kubwa, na si haki kuzifuta. Mnubi hakuwa hapa kabla ya Mmaasai. Alikuja na utawala ule ule uliomwondoa Mmaasai. Yeyote atakayetaja historia ya Kibera lazima aliseme hilo waziwazi. Lakini lazima aseme pia kwamba mjukuu wa askari yule hakuwa na kwingine kwa kwenda. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto ililazimika kuamua kwamba Kenya ilikuwa ikiwanyima watoto wa Kinubi uraia wa uhakika. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaona kwamba haki zao, ikiwemo haki ya mali katika Kibera, zilikuwa zimekiukwa.

Juni 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya jamii: ekari 288. Kati ya zile 4,198, ni kama asilimia 7. Zilizobaki zimekuwa Langata, Jamhuri, Ayany, Fort Jesus, Karanja na Olympic yenyewe, pamoja na vijiji vya mabati ambavyo serikali inavihesabu kuwa viko juu ya ardhi ya umma.

Kawangware mambo yalikwenda kinyume. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu, mashamba yake yaliunganishwa na kupimwa miaka ya 1950, na familia zikapata hati za kudumu. Muramati akafa siku hiyo. Jina lililoandikwa kwenye hati lilikuwa la mtu mmoja, mwanamume mara nyingi, naye angeweza kuuza asubuhi bila kumuuliza ndugu yake. Ploti ziligawanywa, vyumba vya mabati vikasimamishwa mstari kwa mstari, wapangaji wakaja kutoka Magharibi na kwingineko. Wapo wenye ploti leo wasiojua mbari yao ilianzia mti gani. Kwa hiyo hati peke yake, ambayo Kibera inaililia na ina haki ya kuililia, haikuuokoa hata mti mmoja wa Kawangware.

Mashahidi wawili wanaonyesha kilichofuata, mto na msitu.

Mto ni Motoine. Unaanzia kwenye vinamasi vya upande wa Dagoretti, unapita ndani ya msitu, unafuata ukingo wa chini wa Kibera hadi Bwawa la Nairobi, na ukitoka humo unaitwa mto Ngong. Bwawa lilijengwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya kunywa ya jiji, eneo la ekari 88 hivi. Watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Leo sehemu kubwa imezibwa na magugu maji na tope, na kinachoingia kutoka juu ni maji machafu ya makazi ambayo hayakuwahi kupewa mabomba ya taka. Ni kosa kumlaumu mama wa Gatwekera kwa hilo. Jiji lilikataa kumtambua kwa miongo mingi. Lisingeweza kumpelekea bomba mtu ambaye kwenye ramani yake hayupo.

Msitu wa Ngong Road ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, ukiwa na karibu hekta 2,900. Umebaki na zaidi kidogo ya 1,200. Vipande vilikatwa kwa ajili ya shule, uwanja wa mbio za farasi, mitaa ya watu wa kipato cha kati. Katika miaka ya 1990 vingine viligawiwa kwa hila, wakati ule ule Wangari Maathai alipokuwa akipigwa kwa kuulinda Msitu wa Karura upande wa pili wa jiji. Kisha barabara ya Southern Bypass ikaupasua. Kilichosalia bado ni kitu cha kushangaza katika jiji la mamilioni: muhugu, mti mgumu ambao wachonga vinyago wameumaliza kwingi, mukinduri, mizeituni mwitu, kima wanaorukaruka juu ya uzio, na chui ambaye mara moja moja huacha nyayo.

Humo pia umo muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi. Gome lake ni kali kama pilipili, hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya meno. Wauza mitishamba wa Kimaasai hulitembeza kwenye mitaa ya Nairobi, na wanunuzi ni Waluo, Waluhya, Wakamba, Wanubi. Anayelichuna vizuri huchukua upande mmoja wa shina, ili mti upone. Anayelichuna vibaya huuzunguka wote, na mti hufa umesimama. Ujuzi huo mdogo ndio utunzaji wenyewe, nao umevuka mikataba, kesi na tume zote zile bila kuandikwa na ofisi yoyote.

Katiba ya mwaka 2010 imejaribu kurekebisha. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, ikiwemo ile ambayo wawindaji na waokota matunda wameishi kwa jadi. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Ogiek wa Mau kwa kuwafukuza, na ikakataa hoja ya serikali kwamba wao ndio waliouharibu msitu. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao irejeshwe. Novemba 2023, badala ya kurejeshewa, familia za Ogiek ziliondolewa tena huko Sasimwani, Narok, nyumba zao zikibomolewa. Anayedhani kutambua ni jambo la maneno tu aitazame Sasimwani: maneno yapo, yameandikwa na mahakama ya bara zima, na nyumba zimebomolewa.

Na bado, pale chini ya Olympic, wapo watu wanaotunza bila hati wala hukumu. Baada ya ghasia za mwaka 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia, na sukuma wiki ikaanza kuota mbele ya milango isiyo na shamba. Vijana waligeuza jaa la kando ya reli kuwa shamba la mboga. Kando ya mto, makundi ya wakazi pamoja na shirika la Kounkuey Design Initiative wamekuwa wakigeuza mahali pa kutupia taka kuwa viwanja vyenye vyoo, maji, kivuli na kuta za kuzuia mafuriko. Wengi wao ni wapangaji. Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata ilipopitishwa, watu wapatao 30,000 walipoteza makazi na shule kadhaa zikalazwa chini. Waliokuwa wamepanda mti mbele ya mlango waliuona ukienda na mlango.

Mpangaji huyo, aliyezaliwa Kibera na wazazi waliotoka Siaya au Vihiga, ni nani katika orodha? Si mwenyeji wa asili. Hana kibali cha mwaka 1912. Lakini amezibua mtaro kwa mikono yake mara nyingi kuliko afisa yeyote wa kaunti. Kama utunzaji ndio kipimo, anastahili mstari wake. Kutajwa kwake hakumwondoi Mmaasai wala Athi, kama vile muramati alivyoweza kumkaribisha mgeni alime bila mpaka wa mbari kusogea.

Kinachohitajika si kiapo kirefu. Kinaweza kuanza mahali pachache. Kwenye lango la msitu, kibao chenye majina ya miti kwa Kimaasai, Kikuyu na Kiswahili, na majina ya watu waliowahi kuishi humo. Katika Shule ya Msingi ya Olympic, somo moja la mkataba wa 1904 linalofundishwa nje, wanafunzi wakiutazama uwanda wenyewe. Katika Mahakama za Kibera, ukumbusho wa kesi ya Wainaina na wa zile kesi za Wamaasai zilizotupwa. Kwenye chama cha jamii cha msitu, viti kwa wazee wa Kimaasai na warina asali, si wa burudani za sherehe bali wenye kura. Na wakati wa ukame, njia iliyokubaliwa ya kupitishia ng'ombe, yenye sehemu ya kunywesha, ili mchungaji asikimbizane na kanjo kwenye malisho ya babu zake.

Halafu baraza la chifu wa Sarang'ombe, hapo hapo Kibera, kwenye viti vya plastiki, wazee wa vijiji mbele. Hapo ndipo orodha ingepaswa kuandikwa, na hapo ndipo pangechafuka. Mzee wa Kinubi atataka kutajwa kabla ya Mkikuyu; mwenye ploti wa Kawangware, akialikwa, atauliza mpangaji anatafuta nini humo; kijana wa Gatwekera atasema yote ni njama ya kuongeza kodi. Itachukua vikao vingi, na pengine mwaka mzima wa kupandishiana sauti, kabla majina manne au matano hayajakubaliwa na mpangilio wake kujulikana. Mwaka 2001 na mwaka 2008 majadiliano hayo hayo yalifanyika usiku, kwa mapanga na viberiti. Yafanyike sasa mchana, na kumbukumbu ziandikwe.